Kung'oa zege kwenye nyumba ya mawe: anza na ukuta

Watu wakitaka kuvunja sakafu ya zege, swali la kwanza huwa ni mashine gani. Kwa nyumba za mji wa kale wa Lamu, nasema tazama ukuta kwanza. Zege litavunjika tu. Cha kuogopewa ni ukuta wa matumbawe na chokaa uliosimama kando yake, maana ukishaingia ufa, kuutengeneza ni kazi ya fundi bingwa na ya gharama.

Nimesimamia kazi hii kwenye nyumba ya familia yetu huko Mkomani. Miaka ya nyuma wazee walimwaga zege chini ili sakafu iwe imara na rahisi kupiga deki. Unyevu wa ardhini, ambao zamani ulitokea kwenye sakafu ya chokaa, ukakosa njia na kupanda kutani. Chumvi ikaandamana nao, na plasta ikaanza kumeguka hadi usawa wa kiuno. Ukiona dalili hiyo kwako, kupaka plasta mpya ya saruji kutaongeza ugonjwa.

Pata ruhusa kwanza. Mji huu umo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo pita kwa watu wa Makumbusho ya Taifa kabla hujaita fundi.

Ile mashine ya kompresa inayovunja barabara nisingeiingiza ndani ya nyumba ya mawe. Mtetemo wake hupita kwenye zege na kuishia ukutani, na chokaa ya zamani iliyoshika mawe haitaki kutikiswa. Hata nyundo kubwa ina wakati wake. Sisi tulianza kwa kutenga: fundi alikata mfereji wa upana wa shubiri kuzunguka chumba kizima, kwa tindo na nyundo ndogo, hadi akafika mchangani. Kazi hii ni ya polepole, na mwenye nyumba huona pesa zinakwenda na sakafu bado ipo. Tafadhali usimharakishe fundi hapo. Zege likishaachana na ukuta, kishindo cha nyundo hubaki katikati ya chumba.

Kisha kuna siri ya mchanga. Zege huhimili sana kugandamizwa, lakini kuvutwa hulishinda. Nguvu yake ya kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi tu. Likiwa limelala juu ya mchanga, nyundo hudunda. Basi fukua chini ya ukingo, liinue kidogo kwa mtaimbo, tia jiwe, halafu piga pale linaponing'inia. Litakatika kwa mapigo machache. Nondo zikitokeza, zikate hapo hapo kwa msumeno wa chuma, la sivyo vipande vitaendelea kushikana.

Zege nene, kama la kukalia tangi, toboa mashimo kwa mstari, tia kabari za chuma na uzigonge kwa zamu. Ipo pia poda ya kukoroga na maji na kumiminwa mashimoni, hupanuka taratibu na kupasua zege bila kelele, kwa kawaida ndani ya siku moja. Ni ghali, huunguza ngozi, na huweza kuruka kutoka shimoni. Usiinamie shimo, na vaa miwani.

Zege likiwa juu ya boriti za ghorofani, usitumie kabisa nyundo kubwa. Egemeza boriti kwa chini, kata vipande vidogo.

Nyunyiza maji kila mara na uvae barakoa nzuri, si kitambaa. Vumbi la zege lina silika, na silika huharibu mapafu milele.

Baadaye ndipo utakapojua uzito. Chumba cha mita 2.5 kwa 6, zege la sentimita 10, ni kama tani 3.6, na gari haliingii vichochoroni. Ni punda na mashogi yao. Vunja vipande viwe vya kubebeka kwa mkono mmoja, na ukubaliane na mwenye punda kuwa safari ziwe nyingi na mzigo uwe mwepesi, hata kama bei itapanda. Mnyama huyu hawezi kukwambia amechoka. Kifusi kitafutie mtu anayejaza msingi. Kisitupwe baharini wala kwenye mikoko.

Ukimaliza, acha ardhi wazi ikauke vya kutosha, ndipo urudishe sakafu ya chokaa na vifusi vya matumbawe.