Jibu: Filamu fupi za wahusika wa pembeni
Umeuliza kama filamu fupi za katuni kuhusu wahusika wa pembeni zina maana, au ni za kujazia DVD tu. Anza na BURN-E ya studio ya katuni ya Pixar (2008). Kwenye filamu kubwa ya WALL-E, huyu BURN-E, roboti fundi wa kuchomelea, unamwona kidogo tu: mlango unafungwa yeye akiwa nje ya chombo cha angani, basi. Hapa tunakaa naye. Anahangaika na taa moja, inaharibika, anafuata nyingine, huku mambo makubwa ya wenzake yakimpita mgongoni. Maneno karibu hamna, lakini unacheka huku unamhurumia, maskini. Jack-Jack Attack (2005) inaeleza yaliyomkuta yaya wa mtoto Jack-Jack kwenye filamu kubwa ya The Incredibles. Hiyo itazame baada ya filamu kubwa, la sivyo utamu unapungua.