Chemmeen: maswali yenu

Tangu niitaje hapa Chemmeen, filamu ya mapenzi ya mwaka 1965 kutoka Kerala, kusini mwa India, mmeniandikia kweli kweli. Ambaye hajaitazama ajue kwamba mwisho nimeufichua.

*Hilo jina lina maana gani? (Msomaji, Tanga)*

Kamba. Wa kuliwa, si ya kufungia. Ndivyo wanavyomwita kwa Kimalayalam.

*Si yale yale ya Kihindi, wawili wanapendana wazazi wanakataa? (Msomaji, Morogoro)*

Ungekuwa umepatia kama si deni. Pareekutty ni Mwislamu, mchuuzi wa samaki. Karuthamma ni binti wa mvuvi wa Kihindu. Dini inawatenga, hilo halina ubishi. Lakini mtazame baba mtu, Chembankunju. Anataka chombo na nyavu zake mwenyewe, pesa hana, basi anakwenda kukopa kwa nani? Kwa kijana yule yule ambaye kumwoza bintiye hathubutu! Makubaliano ni kwamba samaki atamuuzia yeye. Chombo kinapatikana, samaki wanajaa, makubaliano yanasahaulika, na Pareekutty anafilisika. Anayeona haya ni binti. Baba hana habari. Anamwoza kwa Palani, mvuvi hodari asiye na baba wala mama, na Karuthamma anahamia kijijini kwa mumewe na deni lisilo lake moyoni.

*Kwa nini Karuthamma aiogope bahari na wakati havui yeye? (Msomaji, Lamu)*

Kwa sababu amelelewa akiambiwa kuwa uhai wa mvuvi baharini unashikwa na mkewe aliye nchi kavu. Mke akikosa uaminifu, Kadalamma, yaani Mama Bahari, humchukua mume. Wako wanaoilaumu filamu kwamba imeutukuza ushirikina. Mimi naona vingine. Umbea wa mapenzi ya zamani unamfuata Karuthamma hadi ukweni, wavuvi wanakataa kupanda chombo kimoja na Palani, naye analazimika kuvua peke yake. Usiku anaoangamia akipambana na papa, ndio usiku mkewe anaokutana na Pareekutty ufukweni. Kulipokucha, wote watatu ni maiti. Sasa niambieni: aliyempeleka Palani baharini bila mwenzake ni Kadalamma, au ni midomo ya watu?

*Nianze na kitabu au filamu? (Msomaji, Nairobi)*

Kitabu ni riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai ya mwaka 1956, na tafsiri ya Kiingereza ipo. Kina nafasi zaidi ya mambo ya pwani: nani ana haki ya kumiliki chombo, nani anamdai nani. Hata hivyo anza na filamu, kwa ajili ya nyimbo. Mtunzi wa muziki, Salil Chowdhury, ni Mbengali, na Manna Dey aliyeimba “Manasa Maine Varoo” ni Mbengali pia. Lugha si yao, lakini Pareekutty anapomwita mpenziwe kwa wimbo ule, hutauliza tafsiri. Ramu Kariat, mwongozaji, aliiletea India Kusini medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Rais kwa filamu bora ya mwaka.

*Ni ya rangi? (Msomaji, Muscat)*

Ya rangi. Itafute nakala safi, maana bahari ya mpigapicha Marcus Bartley ikififia umepoteza nusu ya filamu.