Dada, Marais Poitevin haiendwi kwa saa mbili

Juma lililopita aliniandikia dada mmoja wa Dodoma. Viza ameshapata, ana siku sita za Ufaransa mwezi Juni, na ratiba ameshaipanga: Paris, Disneyland, Nice, kisha La Rochelle kumwona rafiki yake. Akaniuliza: "Ile mifereji ya kijani uliyoweka picha zake, naweza kuipitia kwa saa mbili hivi nikiwa njiani?"

Mifereji hiyo iko Marais Poitevin, kinamasi kikubwa cha magharibi mwa Ufaransa. Nilimjibu kwa neno moja, hapana. Leo namjibu kwa kirefu, maana najua wengi wenu mna ndoto za safari kama yake, na pesa hizo mmezichanga kwa jasho. Mtu asije akavuka bahari akarudi na picha za mlango wa boti tu.

Mto unaoilisha mifereji hiyo unaitwa Sèvre Niortaise. Unaanzia Deux-Sèvres, magharibi mwa Ufaransa, unapita mji wa Niort, unazunguka-zunguka hadi Atlantiki, kilomita kama 160 kwa jumla. Ukifika kijiji cha Coulon ardhi inakuwa tambarare kabisa na mto unapoteza haraka yote. Unachipua mifereji, mifereji inachipua vijifereji, kila kipande cha malisho kimezungukwa na maji. Sehemu hii ndiyo wanayoiita Venise Verte, yaani Venisi ya Kijani. Marais Poitevin yote ina hekta zipatazo 100,000, kinamasi cha pili kwa ukubwa Ufaransa baada ya Camargue.

Watu wengi wakiona picha hudhani ni pori. Zamani palikuwa ghuba ya bahari, ikajaa tope taratibu, ndipo binadamu wakaingia na majembe. Mwaka 1217 maabati watano, yaani wakuu wa abasia (monasteri) tano, walishirikiana kuchimba mfereji wa kutoa maji, na Canal des Cinq Abbés bado upo. Mwaka 1599 Mfalme Henri IV alimkabidhi Humphrey Bradley, mhandisi kutoka Bergen op Zoom, Uholanzi, kazi ya kukausha vinamasi vya nchi nzima. Upande wa magharibi wakafanikiwa: matuta yakajengwa, leo ni mashamba ya nafaka. Upande wa mashariki ukaachwa upokee mafuriko ya majira ya baridi, na huko ndiko nakotaka mwende. Miti ya frêne mnayoiona imejipanga kando ya maji, vichwa vimekatwa na mashina yamenenepa, ilipandwa ili mizizi ishike kingo, na matawi yakawa kuni. Ng'ombe walivushwa kwa mitumbwi, maziwa na kuni vilevile.

Haya nayasema kwa sababu kuna jambo limebaki moyoni. Katika karamu moja ya Waswahili wenzetu huku Ufaransa nilionyesha picha zangu, na ndugu mmoja ninayemheshimu akasema mbele ya watu: "Yaani umetoka Pangani, kwenye mto na mikoko ya bure, ukaja kulipa euro uone matope?" Watu walicheka sana. Sikumjibu siku ile, alikuwa mkubwa kwangu na nyumba haikuwa yangu. Lakini iliniuma, na bado inaniuma. Mimi nimelelewa na babu aliyeishi kwa mto. Nikienda kutazama mto wa watu wengine najua ninachokitafuta: nataka kuona walivyoishi nao kwa miaka mia nane bila kuukimbia.

Mara ya kwanza nilikaa na mwongozaji, na kwa mara ya kwanza nawashauri mfanye hivyo. Mitumbwi yao ni ya mbao, chini bapa, na husukumwa kwa upondo, ambao wao huuita pigouille, au kwa kafi. Mwenzetu huyu alitupitisha chini ya matawi hadi penye kina kifupi, akasimamisha mtumbwi, akakoroga tope kwa ncha ya upondo. Mapovu yakaanza kupanda, madogo, kisha makubwa kama yai. Akawasha kiberiti akakisogeza. Maji yakashika moto. Ulimi wa njano ulitambaa juu ya uso wa mfereji, ukagusa ubavu wa mtumbwi, ukazimika. Mtoto aliyekaa mbele yangu alimng'ang'ania mama yake. Ni methani, gesi ya majani yaliyooza chini ya tope miaka na miaka. Huwezi kuliona hilo kama unaangalia saa.

Safari zilizofuata nilikodi mtumbwi mwenyewe, na hapa pana la kusema. Mahali fulani, sitapataja, waliokuwa mbele yangu kwenye foleni walipewa kafi na ramani wakaenda. Nilipofika mimi nikaulizwa kama najua kuogelea. Nikajibu. Nikaulizwa tena. Kisha nikashauriwa nichukue mwongozaji "kwa usalama wangu". Nilitulia, nikasema kwa Kifaransa chepesi kwamba nimeshika upondo tangu sijaanza shule, nikalipa, nikasimama nyuma ya mtumbwi nikausukuma ukatoka gatini umenyooka. Yule bwana alibaki amesimama anatazama. Babu yangu angekuwepo angefurahi. Ndugu zangu, mtakutana na maswali kama hayo huku. Jibuni kwa adabu, msirudi nyuma. Haki ya kuingia kwenye maji yale ni yenu kama ya mtu yeyote aliyelipa.

Ukishakuwa peke yako ndani ya mifereji, polepole ndiyo kanuni. Wakati wa kiangazi maji hufunikwa na vijani vidogo vinavyoelea, vimebanana hadi mfereji unafanana na zulia, na mtumbwi ukipita zulia linafunguka na kujifunga nyuma yako. Ukienda kwa kishindo utaona hayo tu. Ukitulia, korongo wa kijivu hatashtuka, mdiria atakatiza mbele yako kwa rangi yake ya samawati, na utaona panya wakubwa wa majini, wale ragondin walioletwa kutoka Amerika Kusini, wakitafuna kingo. Wenyeji hawawapendi kabisa, maana hutoboa matuta. Fisi maji wapo, lakini hao ni bahati.

Na mle. Uliza maharage meupe ya huko, mojhettes, yaliyopikwa taratibu hadi yanalainika kama siagi. Mikunga pia hupikwa. Asiyekula nguruwe aulize mapema, kwa sababu maharage yale mara nyingi huandamana na nyama hiyo.

Mwenye nafasi apande baiskeli hadi kijiji cha Maillezais. Kilikuwa kisiwa, na kanisa la abasia lilipandishwa kuwa kathedrali mwaka 1317. Leo ni magofu, kuta ndefu zimesimama wazi juu ya mashamba.

Tunapenda kuhesabu miji, jamani. Mtu anarudi nyumbani anasema nimefika sita, nimefika saba, ukimuuliza mji mmoja ulinukiaje hajui. Kinamasi hiki chenyewe kiliwahi kuumizwa na haraka: malisho mengi yalikaushwa yakalimwa mahindi, hifadhi ya mkoa iliyoundwa 1979 ikapoteza hadhi yake miaka ya 1990, na mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ikaitia hatiani Ufaransa kwa kushindwa kuwalinda ndege wa pale. Hadhi ilirudi 2014, baada ya watu kukaa chini miaka mingi wakizungumzia maji. Mahali palipopiganiwa hivyo hapastahili saa mbili za mapito. Kaa. Lala. Usiharakishe.

Kwa hiyo dada yangu wa Dodoma, Nice itoe, iko upande mwingine wa nchi na itakula siku nzima ya treni. Panda TGV, treni ya kasi, kutoka stesheni ya Montparnasse mjini Paris hadi Niort, ni saa mbili na kidogo. Mabasi ya Niort na vijiji vyake hayana nauli tangu 2017. Lala Coulon, au Arçais kama unataka utulivu zaidi, usiku mmoja angalau, miwili ikiwezekana. Siku ya kwanza nenda na mwongozaji, asubuhi ya pili kodi mtumbwi mwenyewe kabla makundi ya watalii hayajafika. Beba kofia, dawa ya mbu na nguo ya kubadilisha. La Rochelle iko jirani, rafiki yako anaweza hata kuja kukuchukua. Ukishapanga tarehe upya niandikie, tuangalie pamoja ratiba ya basi la Coulon, maana si la kila saa.