Kabla hujaitia sukari motoni ukitafuta petroli

Nilipoanza kuhangaika na sukari ya mimea maabara, niliamini joto litafanya kazi yote. Nikakoroga glukosi nzito kama uji, nikaifungia kwenye chombo cha chuma pamoja na kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) cha platinamu, nikapandisha hadi nyuzi 250. Kesho yake nafungua, nakuta kitu cheusi kama lami kimeng'ang'ania kuta, kinanuka sukari iliyoungua. Kichocheo chote kimezikwa humo. Siku mbili nzima nilikuwa nakwangua.

Nilikuwa sijapiga hesabu ya oksijeni. Gramu 180 za glukosi zina gramu 96 za oksijeni, na hidrokaboni, yaani mafuta ya aina ya petroli niliyokuwa nayatafuta, haina oksijeni hata chembe. Sasa utaitoaje? Ikitoka na kaboni, inakuwa kaboni dioksidi na mafuta yako yanapeperuka nayo. Ikitoka kama maji, inadai haidrojeni, nayo haiji bure. Ukiamua sukari yenyewe ndiyo izalishe haidrojeni hiyo, gramu 285 za glukosi zinakupa gramu 86 za heksani, mojawapo ya hidrokaboni hizo. Hiyo ni karatasini; kwenye chombo utapata pungufu. Anayekuahidi zaidi, muulize haidrojeni yake inatoka wapi.

Kwa hiyo usipeleke glukosi kwenye joto kali ikiwa mbichi. Igeuze kwanza kuwa sobitoli, alkoholi ya sukari, kwa haidrojeni na kichocheo cha rutheni, kwenye nyuzi 120 hivi. Glukosi ina ncha ya aldehidi, kundi la atomi linalomenyuka upesi, inayoifanya ishikane na kuungua upesi. Sobitoli haina, ndiyo maana inavumilia. Na iwe nyepesi, si uji wangu ule.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye platinamu, safari hii ikiwa juu ya kitu chenye tindikali: tindikali inasaidia kung'oa oksijeni kama maji, platinamu inashughulikia haidrojeni. James Dumesic na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha mwaka 2002 kwamba sukari iliyo ndani ya maji hutoa haidrojeni kwenye joto la nyuzi 225 hivi. Ila maji yabaki maji kwenye joto hilo, yanahitaji presha kama mara 25 ya ile ya hewa. (Sufuria ya presha ya jikoni isahau kabisa, italipuka.)

Mara ya nne nilifungua nikaona utando mwembamba, angavu, unaelea juu ya maji. Ethanoli huchanganyika na maji, ungelazimika kuikeneka. Huu niliunyonya tu kwa bomba la kudondoshea. Ulijaza nusu kijiko, na ulinuka petroli.