Wilikepu zinachomoka barabarani kila winta, nizifunge vipi?

SWALI

Fundi shikamoo. Mi ni msomaji wenu niko huku Hamburg, Ujerumani, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwa hiyo natoka alfajiri sana na gari ndo miguu yangu. Ikifika Oktoba natoa matairi ya kiangazi yenye rimu za alumini naweka ya winta yenye rimu za chuma, sasa hizo za chuma zimeshika kutu zinatia aibu nikanunua wilikepu nne za plastiki, vile vifuniko vya rimu. Winta iliyopita moja ikachomoka nikiwa Autobahn, barabara kuu ya mwendo kasi, niliiona kwenye kioo inabiringika kuelekea gari iliyokuwa nyuma, yule dereva aliikwepa kwa shida sana na mpaka leo nikikumbuka natetemeka. Haikupita muda ya pili nayo ikapotea hata sijui ilidondokea wapi. Waliofunga matairi wanasema ni bahati mbaya tu. Jirani ananishauri nibandike na silikoni, mwenzangu kazini anasema zip tai, zile kamba za plastiki za kufungia waya, shemeji anasema tembea bila. Nishike lipi? Tairi ni 195/65 R15.

Dada wa Hamburg

JIBU

Marahaba dada yangu, na pole kwa huo mshtuko. Nianze na hilo la bahati mbaya kwa sababu limeniudhi kidogo: wilikepu haichomoki bila sababu, na kitu cha plastiki kikiruka kwenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa kinaweza kumvunjia mtu kioo au kumfanya akate kona akagonge mwingine, kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza mapema kabla ya theluji.

Igeuze hiyo wilikepu uangalie mgongo wake. Utaona vikucha vya plastiki vimezunguka duara, na ndani yake kuna ringi ya waya wa chuma. Kazi yote ya kushika inafanywa na hiyo ringi, inavisukuma vikucha kwa nje ving'ang'anie mdomo wa ndani wa rimu. Ringi ikiwa imelegea, imepinda, au imetoka kwenye nafasi yake hata kwenye vikucha viwili tu, basi hapo hakuna kinachoshika, wilikepu imekaa kwa heshima tu ikisubiri shimo la kwanza. Na hii ndo inatokea sana ukibadilishiwa matairi kwa haraka, mtu anaipiga ngumi mbili tatu inaingia, hajaangalia ringi imekaaje, anaenda gari linalofuata. Kama ringi imelegea itanue kidogo kwa mikono, taratibu, na kwenye baadhi ya wilikepu vikucha vina nafasi mbili za kupitisha waya, hamishia ile ya nje ibane zaidi. Kikucha kilichovunjika hakitengenezeki, ukikuta viwili vimekatika nunua nyingine.

Saizi yako ni inchi 15, hiyo namba baada ya R ndo inayosema, kwa hiyo ya 14 haitashika na ya 16 haitaingia. Lakini saizi peke yake haitoshi jamani, maana kuna rimu za chuma ambazo katikati zimetuna au vichwa vya bolti vimejitokeza, wilikepu ya kununua popote inagota hapo kabla vikucha havijafika kwenye mdomo wa rimu, ukiiangalia kwa mbele unadhani imeingia kumbe imeelea. Ndo maana mi napendekeza ile iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa, hata iwe ya mtumba, kuliko seti mpya nzuri isiyojua rimu yako ikoje.

Sasa ile kutu. Mdomo wa rimu ukiwa na magamba ya kutu na matope ya chumvi ya barabarani kikucha kinashika gamba badala ya chuma, gamba likibanduka wilikepu nayo imekwenda. Chukua brashi ya waya sugua mpaka ikae laini, futa, piga rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa. Usipake grisi pale eti iingie kirahisi, ikiingia kirahisi itatoka kirahisi. Na ule upande wa rimu unaokaa kwenye habu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa, na pale bolti zinapokalia, usipake rangi, pasafishwe tu.

Kufunga kwenyewe kuna mpangilio. Kwanza wilikepu zilale ndani ya nyumba, usizitoe kwenye banda lenye baridi ya chini ya sifuri ukaanza kuzigonga, plastiki ikipoa hivyo inakatika kama biskuti. Tafuta kipande cha ringi kilichopinda kwa ndani, hapo ndo pa valvu, anza na upande huo valvu itokeze vizuri bila kulazwa, alafu sukuma kwa kiganja kuzunguka pande zote mbili mpaka ukutane upande wa pili. Pale pagumu tumia nyundo ya mpira au kisigino cha mkono, nyundo ya chuma iache kwenye boksi. Ukimaliza ivute kwa vidole sehemu nne tofauti, ikicheza itoe uanze upya usijidanganye.

Zip tai je? Ndio, mwenzako wa kazini yuko sahihi, ila ni ulinzi wa ziada tu, wilikepu isiyoshika yenyewe usitegemee ishikwe na zip tai. Nunua nyeusi za kukaa nje kwenye jua na baridi, upana wa milimita 4.8 unatosha, zile nyeupe nyembamba zinakauka zinakatika. Weka mbili zinazotazamana kila gurudumu, ukitaka weka tatu. Pitisha kwenye tundu la wilikepu, ingia kwenye tundu la rimu, tokea tundu la jirani urudi mbele, na kichwa cha zip tai kikae mbele sio nyuma, kwa sababu nyuma kule kuna kalipa ya breki na nafasi ni ndogo sana. Usikaze mpaka plastiki ipinde, acha ulegevu mdogo, kata mkia wote. Kisha gari likiwa bado kwenye jeki zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima usikilize, ukisikia kitu kinakwaruza usitembee. Na weka koleo dogo la kukatia kwenye buti pamoja na zip tai za akiba, maana ukipata pancha usiku kwenye baridi bila cha kukatia utateseka.

Silikoni na gundi sikubali kabisa, na hapa naomba unisikilize kuliko pote. Chini ya wilikepu kuna bolti zinazoshikilia gurudumu, na ukibadilisha matairi lazima zikaguliwe tena kwa spana ya kupimia mkazo baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukibandika gundi hutazikagua, tunajuana. Mi ningekuwa wewe hizo kilomita za mwanzo natembea bila wilikepu, nakagua bolti, alafu ndo nazifunga. Uliza pia kama gari lako linatumia bolti tofauti kwa rimu za chuma na za alumini, baadhi ya magari yanatofautisha urefu na umbo la pale inapokalia, na bolti isiyo yake ni hatari kuliko wilikepu kumi zilizopotea. Na asikudanganye mtu utoboe wilikepu ya vikucha uibane chini ya bolti, plastiki inabonyea, bolti inalegea.

Shemeji naye hajakosea, gari linatembea salama bila wilikepu, zenyewe zinapendezesha na kukinga bolti na chumvi, basi. Kama hutapata zinazokaa vizuri, tembea bila.

Wakati umeinama hapo angalia na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ubavuni mwa tairi, tangu Oktoba 2024 huko Ujerumani herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitambuliki tena kwa winta.

SWALI

Fundi, niko Minneapolis, Marekani. Nimefunga wilikepu na zip tai kama mnavyofundisha, zimeshika vizuri, ila baada ya theluji nyingi usukani ukaanza kutetemeka nikifika maili 50. Ni wilikepu?

JIBU

Kaka, kabla hujalaumu wilikepu chungulia ndani ya rimu, upande wa nyuma. Theluji inajishindilia humo inaganda upande mmoja, gurudumu linapoteza balansi usukani unatetemeka. Punguza mwendo, ukifika pazuri iondoe kwa kijiti au maji ya kawaida, sio ya moto. Angalia pia kati ya wilikepu na rimu, ikijaa barafu inasukuma vikucha vitoke. Mtetemo ukibaki baada ya kusafisha, toa wilikepu siku hiyo hiyo kagua bolti zote, zikiwa zimekaza ndo uende kupima balansi.

SWALI

Sisi wa Dar bila theluji, zip tai zinasaidia? Wilikepu zangu moja ilidondoka shimoni, nyingine iliibiwa nimepaki.

JIBU

Zinasaidia kwa yote mawili, mwizi hapendi kitu cha kukatakata anataka cha kuvuta na kuondoka. Ila jua linakausha plastiki, kwa hiyo zikague kila ukiosha gari na ukiona imepauka badilisha, na kila fundi wa pancha akitoa gurudumu msimamie mpaka arudishe ringi mahali pake.