Kuhamia kampuni nyingine ya faiba: usikate ya zamani kwanza

Watu wengi huhama kampuni ya intaneti wakiwa na hasira. Mechi imekwama saa tatu usiku, huduma kwa wateja inakuchezea muziki tu, na kesho yake asubuhi mtu anampigia wakala aliyebandika karatasi langoni pa ploti. Wiki mbili baadaye mechi inakwama vilevile. Kampuni haikuwa na kosa. Ruta ndiyo iliyokuwa imefichwa nyuma ya televisheni, kuta mbili za mawe kutoka chumba cha kulala.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu yeyote, pima. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima waifai ya hiyo kompyuta, na upime kasi asubuhi, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Rudia siku tatu na uandike kila nambari. Kisha pima kwa waifai ukiwa pale unapolalamikia. Kama kwa waya unapata kasi unayolipia na chumbani unapata robo yake, kampuni mpya itakuletea kisanduku kingine chenye udhaifu uleule. Unachohitaji ni kusogeza ruta katikati ya nyumba, au kuvuta waya wa Cat5e hadi upande wa mbali na kuweka kituo cha pili cha waifai huko. Majengo mengi ya Nairobi ni ya mawe, na mawimbi ya waifai ya 5 GHz huishiwa nguvu upesi ukutani. Yale ya 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi, lakini kwenye ghorofa lenye nyumba arobaini majirani wote wako hapohapo, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Kama kwa waya asubuhi kasi ni kamili na usiku inaanguka hadi theluthi, huo ni msongamano wa upande wa kampuni, na ruta mpya haitautibu. Hama bila kusita. Kuna pia kisa cha tatu, ambacho huwachanganya wanaolipia zaidi ya Mbps 100 (megabiti kwa sekunde): kipimo kinasimama kwenye 94 au karibu na hapo usiku na mchana, hakipandi hakishuki. Hiyo ni dalili ya tundu la ruta au la kompyuta linaloishia Mbps 100, au waya ambao nyuzi zake nne tu kati ya nane ndizo zimeunganishwa. Badilisha waya kabla ya kubadilisha kampuni. Na usichanganye vipimo: Mbps 40 ni megabaiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo anayeona "5" kwenye ukurasa wa kupakua faili hajaibiwa.

Ukishaamua kuhama, swali si kampuni gani inasifiwa mjini bali ni ipi iliyo nzuri kwenye jengo lako. Faiba nyingi za nyumbani hutumia mfumo wa GPON. Uzi mmoja wa kioo, unaobeba intaneti kama mwanga, hutoka kwenye mtambo wa kampuni, ukafika kwenye kisanduku cha mtaani au cha ngazini, na hapo kigawanyo kidogo kinaupasua kwa nyumba 32 au 64. Nyumba zote hizo hugawana Gbps 2.5 za kushuka na 1.25 za kupanda. Ndiyo maana kampuni ileile inaweza kuwa dhahabu Kilimani na balaa mtaa wa pili. Mwulize jirani wa ngazi yenu anayeitumia, na umwombe apime mbele yako saa tatu usiku. Keateka naye anajua mengi: anajua mafundi wa kampuni gani huja kila wiki, na wa ipi hawajaonekana tangu mwaka jana. Kama mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu, ujue hilo kabla hujalipa chochote, maana wakala hatakuambia.

Mwulize wakala maswali haya na umtake akujibu kwa ujumbe wa maandishi, si kwa mdomo. Kinachoingia nyumbani ni uzi wa kioo au ni waya mnene wa shaba kama wa televisheni? Kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua? (Anayefanya kazi kwa mikutano ya video asikubali jibu la "iko tu sawa".) Kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikipita kasi hupunguzwa? Ruta ni yako au ya kukopeshwa, na usiporudisha utatozwa ngapi? Ukihama nyumba, kuhamishiwa laini ni bei gani? Usinunue kasi kubwa kwa kuogopa. Netflix hupendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K, kwa hiyo nyumba ya watu wanne yenye televisheni moja na simu kadhaa huenda vizuri kwa Mbps 40, mradi ziwe 40 kweli saa tatu usiku.

Siku ya kufungiwa usiende kazini ukamwachia keateka ufunguo. Kazi ya fundi huchukua saa moja au mbili, na mambo ya kuangalia ni machache. Kwanza, chagua mwenyewe mahali pa ruta. Fundi akiachwa atatoboa pale uzi unapoingilia kwa urahisi, yaani pembeni kabisa mwa nyumba. Mwambie mapema unataka sebuleni katikati, ili aje na uzi wa kutosha. Tundu la ukutani litobolewe likiinama kuelekea nje, na uzi uachwe ulegee kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia. La sivyo maji ya mvua yatafuata uzi hadi kwenye soketi.

Pili, na hapa ndipo penye mambo, mwombe fundi akuonyeshe kipima mwanga kabla hajafunga kisanduku. Nambari itakuwa hasi, kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga: kadiri inavyokwenda mbali na sifuri ndivyo mwanga unavyofifia. Kati ya -15 na -25 ni salama. Visanduku vingi vya nyumbani vinavyopokea mwanga huo vimehakikishiwa kufanya kazi hadi -27, kwa hiyo ukipewa -26 utaambiwa "inashika", na kweli inashika leo. Shida itakuja uzi ukivutwa kidogo na fundi wa jirani, au konekta ikiingia vumbi. Zikipotea decibeli mbili tu, unaanza kukatika bila mpango, na kila fundi atakayekuja atakuta taa ni kijani aondoke. Kigawanyo cha nyumba 32 peke yake hula karibu decibeli 17, na hiyo haiepukiki. Kinachoepukika ni konekta za haraka zilizobanwa ovyo, kila moja ikila nusu decibeli au zaidi, na mikunjo. Uzi wa kisasa wa ndani ya nyumba unavumilia mkunjo, lakini usiukunje kuwa mviringo mdogo kuliko kizibo cha chupa ya soda. Usiupitishe kwenye bawaba ya mlango wala usiugongee msumari unaoubana. Ziada ya mita moja au mbili ibaki imezungushwa ndani ya kisanduku cha ukutani, maana konekta ikiharibika fundi atahitaji kukata na kuanza upya.

Angalia rangi pia. Konekta ya kijani ina ncha iliyokatwa kwa mshazari wa digrii 8, ya bluu ina ncha bapa. Kijani huingia kwenye kijani. Ukiona kijani kimechomekwa kwenye bluu, kitaingia vizuri na taa itawaka, lakini ncha hazigusani sawasawa na mwanga mwingi unapotea palepale. Ncha yenyewe usiiguse kwa kidole, na usiichungulie hata kidogo. Mwanga wake hauonekani, na macho hayana vipuri.

Kwa taa za kisanduku, kariri mbili tu. LOS nyekundu inayomweka maana yake mwanga haufiki: uzi umekatika, umekunjwa au umechomoka, na kuzima na kuwasha hakusaidii. PON inayomweka bila kutulia maana yake mwanga unafika lakini mtambo wa kampuni haujakitambua kisanduku chako, yaani hakijasajiliwa. Ukimpigia mtu wa huduma na kumtajia taa ipi inafanya nini, utaruka maswali kumi. Usajili huo ndio unaofanya kisanduku cha kampuni ya zamani kisifae kwenye laini mpya: mtambo hukitambua kwa nambari yake ya mfululizo (serial) ya kiwandani. Ruta yako binafsi uliyonunua dukani ni jambo jingine. Hiyo unaweza kuichomeka nyuma ya kisanduku kipya ukaendelea nayo.

Sasa laini mbili ziko nyumbani. Ziache zote mbili kwa wiki nzima, hata kama inakuuma kulipa mara mbili. Faiba nyingi za nyumbani Kenya ni za kulipia kabla, kwa hiyo panga kufungiwa siku kumi kabla kifurushi cha zamani hakijaisha, na gharama ya kupishanisha itakuwa ndogo. Wiki hiyo ipe waifai mpya jina tofauti, ili ujue hasa unapima ipi. Pima kwa waya, saa zilezile ulizopima mwanzoni, na ujumuishe Ijumaa na Jumapili usiku. Pima na seva ya Nairobi, kisha na ya Ulaya. Kampuni inaweza kung'ara kwenye seva ya jirani na kuchechemea ng'ambo, na kazi yako huenda iko ng'ambo.

Usitarajie miujiza huko ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, wateja wa kampuni tofauti Kenya na Tanzania waliteseka pamoja, kwa kuwa kampuni nyingi hukodi njia kwenye nyaya zilezile chache zinazotua Mombasa na Dar es Salaam.

Ikipita mtihani, hamisha vifaa kwa hila hii: zima waifai ya zamani kabisa, kisha ipe mpya jina lilelile na nywila ileile, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, na ulinzi wa WPA2 kama ya zamani. Simu, televisheni na printa zitarudi zenyewe. Usipozima ya zamani kwanza, vifaa vitarukaruka kati ya ruta mbili na utadhani mpya ni mbovu. Balbu na kamera nyingi za bei nafuu hushika 2.4 GHz pekee, kwa hiyo bendi hiyo usiizime.

Wenye kamera za ulinzi na printa wana kazi mbili za ziada. Ruta ya zamani huenda ilikuwa 192.168.1.1 na mpya ni 192.168.100.1, na kifaa ulichokipa anwani ya kudumu kitapotea. Badala ya kuhangaika na kifaa kimojakimoja, ingia kwenye ukurasa wa ruta mpya uibadilishe ifuate anwani za zamani. Ya pili ni kwa wanaotazama kamera kutoka nje kwa kufungua matundu ya ruta (port forwarding). Angalia anwani ya upande wa nje kwenye ukurasa wa ruta. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, unagawana anwani na wateja wengine na njia hiyo haitafanya kazi. Omba anwani ya umma, kwa kawaida kwa malipo, au utumie programu ya kamera inayopitia seva ya watengenezaji.

Jambo dogo la stima. Kigawanyo cha mtaani hakitumii umeme, hivyo stima ikipotea, mwanga huendelea kufika kwako mradi mtambo wa kampuni una betri. Kinachozima ni kisanduku chako. UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 inatosha, ila soma maandishi vizuri: mAh 8800 hupimwa kwenye betri ya volti 3.7, ambayo ni kama Wh 32. Toa kinachopotea njiani, ugawe kwa wati 9 za kisanduku, unapata saa tatu. Kama una ruta ya pili, saa hizo zinapungua karibu nusu. Hakikisha pia adapta yako ni ya volti 12 kweli, na ampea za UPS si chini ya zake.

Kuaga kampuni ya zamani ni kwa maandishi. Tuma barua pepe yenye nambari ya akaunti na tarehe ya mwisho, na ufute malipo ya kujirudia yenyewe kama uliyaweka. Kama kisanduku ni chao, bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa zaidi ya sekunde kumi, piga picha ya nambari yake, rudisha pamoja na adapta, na usiondoke bila risiti yenye nambari hiyo. Wakikuzungusha kuhusu pesa zako, peleka lalamiko kwao kwanza ukiwa na nambari ya kumbukumbu. Likikwama ndipo upande kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, au TCRA ukiwa Tanzania.

Uzi wa zamani ukutani usiukate. Uchomoe tu, uufunike ncha kwa kile kifuniko chake kidogo cha plastiki, uuzungushe taratibu ndani ya kisanduku chake. Ukitaka kurudi mwakani, au mpangaji atakayekuja akiutaka, fundi atauwasha bila kutoboa ukuta upya.