Takriban ya nini, na mti umeshapimwa?

SWALI: Nimesoma kwamba mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika uko Kilimanjaro, na una "kimo cha takribani kama mita 81.5 hivi". Mti una kimo au urefu? – Msomaji, Moshi

JIBU: Vyote viwili, ndugu yangu. Kimo ni cha kilichosimama: mtu, mnazi, mlingoti. Urefu haubagui, hata kamba na safari unazo. Mti ukishaangushwa, kimo basi. Limebaki gogo na urefu wake. Andika utakalo, sitakukamata.

Ila hayo maneno mengine umeyanukuu kana kwamba hayana kasoro! Takriban ni ya Kiarabu, ukoo mmoja na karibu, na kazi yake ni kukiri kwamba hukupima sawasawa. "Kama" inakiri hilohilo. "Hivi" nayo vilevile. Mwandishi kaapa mara tatu kwamba hana hakika, kisha katutajia mpaka nusu mita!

Mti wenyewe ni mkukusu, Entandrophragma excelsum kwa wataalamu. Mtafiti wa mimea Andreas Hemp na wenzake waliutangaza mwaka 2016, baada ya kuupima kwa leza. Katika msitu mkongwe uliosongwa na vichaka na mitambaazi, ukisimama shinani hukioni kilele. Sharti utafute upenyo, ikibidi ng'ambo ya korongo, ulenge shina, kisha ncha, kifaa kipige hesabu ya umbali na pembe. Zamani, kwa kamba na pembe tupu, ukilidhania tawi lililokuinamia kuwa ndiyo ncha, mti ulijiongezea mita za uongo. Enzi hizo takriban ilikuwa na haki yake. Watu wamehangaika kuiondoa. Mwandishi kairudisha, tena na ndugu zake wawili.

Sema "takriban mita 80", nitanyamaza. Sema "mita 81.5", nitakupongeza. Usinichanganyie. Ndiyo maana tunatangaziwa "takriban watu 43 wamejeruhiwa". Huyo wa 43 kajeruhiwa, au bado anashauriana na familia? Kama wamehesabiwa, ni 43. Kama hawajahesabiwa, sema "zaidi ya 40" tukuelewe.

Na hiyo i ya mwisho? Takriban, takribani, andika upendavyo. Kugombana na irabu nimeshachoka.